Koti la Shujaa

Fundi cherehani alikuwa akifumua bitana ya koti la babu yake. Kesho lingetundikwa ukumbini, koti la shujaa aliyepitisha barua za wafungwa ndani ya bitana yake enzi za vita.

Bibi yake aliambulia jina la Bi Uvunguni, maana ati vita nzima alijificha chini ya kitanda. Walimtania hivyo mpaka akaingia kaburini, naye akicheka nao.

Ghafla akasimamisha mkasi. Kifuani, mikunjo ya kuachia matiti nafasi ilikuwa imefumuliwa na kupigwa pasi. Matundu ya vifungo ya kulia yamezibwa, mapya yametobolewa kushoto. Koti la kike lilikuwa limegeuzwa la kiume.

Na mishono ililala kinyume, kama ya mtu wa mkono wa kushoto. Katika ukoo alikuwepo mmoja tu.

"Mama, hili koti ni la Bibi."

"Rudishia bitana, mwanangu. Watu wanalisubiri."

"Kumbe ulijua?"

Mama yake hakuinua macho.

"Nilikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, na babu yako amesimama mlangoni anamhimiza amalize, wapiga picha wameshafika."