Shahada ya Kufuma Viota

Walitokea minana wawili wa kiota kimoja, Zawena na mdogo wake Tunu, kila mmoja akitaka shahada ya kufuma viota. Zawena akaenda chuo kikuu. Tunu akaajiriwa na fundi Kwarara, mchana afume, jioni asome, na shahada ni ileile.

Likizo ilipofika walikutana kwao, mabawa yamewalegea.

"Dada, tubadilishane," Tunu alisema. "Wewe unakaa kivulini unasikiliza tu. Mimi nafuma hadi mdomo unachubuka, kisha nafungua kitabu macho yakijifumba."

Zawena akacheka bila nguvu. "Na mimi nimekuja kukuomba hivyohivyo. Mwaka wa tatu huu nakariri mafundo, unyasi sijaushika. Nikilala naota hakuna atakayenipa kazi."

Hofu hiyo Tunu hakuwa nayo. Zawena naye aliutazama ule mdomo uliochubuka.

"Bado unataka tubadilishane?" akauliza.

"Hapana, dada. Wewe je?"

"Hata mimi."

Mama yao akawaletea mtama, wakala huku wameegemeana. Asubuhi kila mmoja aliruka kuurudia uchovu aliouzoea.