Mishi Anasafisha Picha

Siku hizi arobaini ya marehemu ikishapita, sura yake hufutika kwenye simu zote, na serikali huita jambo hilo kusafisha. Mishi hulicheka neno hilo. Yeye alikuwa bafuni akisafisha kwa maana ya zamani, filamu ndani ya kopo la dawa, leso imeziba mwanga chini ya mlango.

Ilikuwa mara yake ya kwanza. Marehemu mama yake alikuwa amepigwa picha jikoni kwa mwanga wa kibatari, kwa hiyo filamu ilibidi ikae kwenye dawa kupita kawaida ili kile kidogo ilichonasa kijitokeze. Akaiacha, kisha kwa woga akaiacha zaidi.

Picha ilitoka na chenga tele, lakini mwanamke alionekana, anacheka.

Kaka yake Athmani aliishika kwa mikono miwili. “Mashallah, Mishi.” Kisha akasita. “Huyu ni Mama, au mamdogo?”

Wote wawili walikuwa jikoni siku ile, na wote walishakufa na kusafishwa kwenye simu.

Mishi alitaka kumfokea, lakini naye hakuweza kuwatofautisha. Aliitazama picha mpaka macho yakamuuma.

“Ni Mama,” akasema. Wakaitundika sebuleni, na tangu hapo ndiye mama yao.