Andika Nisemavyo

"Andika: mwenyekiti ni mwizi," alisema Mzee Sharifu.

Rukaya akaandika: Asalaam aleikum ndugu zangu.

"Andika: shamba la Tatu ni la Tatu. Masale ya mpaka nilipanda mimi na marehemu mumewe. Anayeliuza anauza kisicho chake."

Rukaya akaandika: Nawaombea nyote amani katika lile jambo.

Pembeni, kwenye mkeka, Tatu mwenyewe alikuwa akichambua kunde. Kila neno la mzee lilimnyoosha mgongo. "Mungu akuweke, baba," alisema. "Wanaume wengine wote wa kijiji hiki wameufyata."

Mzee akaichukua simu mkononi mwa mjukuu wake, kama kawaida. Kuandika alimwachia yeye, lakini kutuma alituma mwenyewe. Neno ni la mwenye kinywa, alisema, basi na kidole kiwe chake. Akaishika mbali, akaikazia macho kitambo, akabonyeza. "Limekaa vizuri," alisema. Rukaya aliona aibu mpaka masikioni.

Kijiji kizima kilijua kwamba Mzee Sharifu hakusoma. Mwenyewe alilisema bila haya: shule yake ilikuwa jembe, na saini yake dole gumba. Miguu nayo ilikuwa imemgomea tangu masika. Kwa hiyo alipoamua kumpigania jirani yake ndani ya kundi la wasapu la kijiji, ilibidi apate mwandishi. Kwa bahati mbaya akapata mwandishi mwoga.

Woga wenyewe ulikuwa na sababu. Abdi wa bodaboda aliwahi kuandika neno "fisadi" kwenye kundi lile. Jioni yake akafuatwa, akalala mahabusu, na simu yake haijarudi mpaka leo. Tangu hapo watu wakawa wanaandika kwa kunyata. Mwenyekiti akawa "yule bwana", shamba likawa "lile jambo", na wengine walituma picha ya viganja vinavyoomba dua wakaenda zao kulala. Mdomo uliponza kichwa, na Rukaya hakutaka kichwa hicho kiwe cha babu yake.

Basi alisafisha. "Mwizi" alimwacha nje. "Kuuza" aliligeuza likawa "mabadiliko". Siku moja tu alijipa moyo, akaiacha humo sentensi ya masale ya mpaka. Babu alishika simu, akaipima kwa macho, akairudisha. "Refu mno, mke wangu. Punguza." Rukaya akapunguza masale.

Lakini dhamiri haikumwacha. Tatu alikuwa na kitochi, kundini hakuwemo. Alichokijua ni kile alichokisikia mkekani. Na hakuja mikono mitupu. Leo boga, kesho mbaazi, siku nyingine mayai yaliyofungwa kwenye kanga. "Ya mwandishi wetu," alisema, na Rukaya akala bila kumtazama usoni. Huko kundini watu walimsifu babu kuwa mzee wa hekima, asiye na neno na mtu. Mwenyekiti mwenyewe alimwekea alama ya dole gumba.

"Wanasemaje?" Tatu aliuliza.

"Wamesoma, shangazi. Wanatafakari."

Ijumaa, Tatu alikuja bila kitu. Alikaa kwenye mkeka na viatu vyake miguuni.

"Trekta limeng'oa masale," alisema. "Kesho kikao kinapitisha. Mtendaji kasema shahidi wa mpaka asiyeweza kufika aandike kundini, atasomwa mbele ya watu. Shahidi nimebaki na wewe tu, baba."

Mzee aliivuta fimbo yake karibu.

"Mwanangu Shamimu kanipigia kutoka Korogwe. Anasema nihamie kwake Kilole. Mimi nikale ugali wa mkwe? Nipishane na mkwe wangu mlangoni mwa choo?" Akacheka kidogo, kisha machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

Mzee Sharifu akapiga fimbo chini, kuku wakatawanyika. "Rukaya! Lete simu. Leo ndiyo leo. Andika nisemavyo!"

Akasema yote. Mwenyekiti mwizi. Masale aliyoyapanda kwa mikono yake, kutoka mkuyu hadi kijito, pamoja na marehemu. Shamba lililouzwa na asiye na haki nalo. Yuko tayari kuapa popote.

Rukaya alimtazama Tatu. Alijiona kama yeye ndiye aliyeendesha lile trekta. Alikuwa ameling'oa sale moja baada ya jingine, kila alipofuta neno. Basi. Kama ni mahabusu, atakwenda yeye na kanga yake, aseme kidole kilikuwa chake. Akaanza na salamu kama siku zote, kisha akaandika kila neno kama lilivyotoka. Hakupunguza hata moja. Alipomaliza alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Akampa babu simu.

Mzee akaishika mbali, akaikazia macho. Safari hii kitambo kilikuwa kirefu. Macho yakaenda upande, yakarudi, yakashuka mstari. Yakaenda tena, yakarudi. Kwenye mstari wa pili midomo ikamcheza. Kisha dole gumba likaanza kufuta, taratibu, kutoka mwisho: kiapo, shamba, masale, mwizi. Likasimama pale pale baada ya "Asalaam aleikum ndugu zangu", likaongeza nukta, likatuma.

"Tayari, Tatu," alisema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Leo sikubakiza neno."