Mpapai Dume wa Mwisho

Sengondo alikuwa ameikata mipapai dume yote uani, ukabaki mmoja. Huo aliupigilia misumari mitatu ili ugeuke jike, kama watu wanavyofanya. Haukugeuka. Mipapai jike nayo, mwaka huu, ilidondosha maua bila kushika tunda hata moja.

Jua lilipozama alichukua panga.

"Dume hili linakula mbolea yetu bure."

"Ingekuwa hilo ndilo kosa la kukatwa," mkewe Namsifu alisema, "wewe ningeshakukata zamani."

Sengondo aliinua panga, akasikia mvumo karibu na sikio. Nondo mnene kama kidole gumba alikuwa amesimama hewani mbele ya maua ya dume, mbawa zake hazionekani kwa kasi. Alikunjua mrija mrefu kuliko mwili wake, akauzamisha ndani ya ua, akanywa. Kisha akaruka hadi kwenye mpapai jike, uso umejaa unga wa njano wa lile dume. Akagusa ua moja, akagusa la pili.

"Umemwona?" Namsifu alinong'ona.

Sengondo alilishusha panga polepole, akaingiza ncha yake chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akaanza kuung'oa.