Jina Lililolazwa

Mjini pale hakuna aliyempita Bi Raya kwa kupanga herufi za risasi za kuchapia. Angempita nani, na duka la kuchapa lilikuwa moja tu?

Desturi ilijulikana: kwenye kadi ya harusi, jina la mzazi aliye hai husimama wima, la marehemu huchapwa kwa herufi za mlazo.

"La baba yake lilaze," alisema Zuena, mama wa bibi harusi. "Keshatangulia mbele ya haki."

"Poleni. Ataozesha nani?"

"Ami yake. Mwenyewe angekuwa hai ingebidi tumngoje, na bwana harusi hangojeki."

Bi Raya akavuta kasha la mlazo. Herufi zile si za kusimama zilizosukumwa na upepo. Zina umbo lao, nyembamba, zenye vijimkia kama vya kalamu ya wino, zote zimeinamia mbele. Akapanga, akapaka wino, akachapa kadi moja ya kujaribia.

Zuena akaipokea kwa mikono miwili. Akaligusa jina la mumewe, machozi yakamlengalenga.

"Ndivyo alivyokwenda," akasema taratibu. "Kainama hivi hivi, begi begani, hata nyuma hakutazama."

Bi Raya akaweka chini kibano cha herufi.

"Maiti wa wapi huyo, mwenzangu, anayejibebea begi?"

Zuena akautazama mkono wake. Wino mbichi ulikuwa umembakia kidoleni, na mlangoni binti yake alikuwa akiuliza, "Mama, kadi zangu tayari?"