Gauni Lililopigwa Pasi

Mpambaji alikuwa ameshampaka Sikudhani masizi mashavuni, na gauni walilomvalisha lilikuwa limechanwa makusudi begani. Mwongozaji wa filamu akamtazama, akaridhika. "Hapo sasa! Huyo ndiye mama wa mji mdogo anayekwenda polisi kumwombea mwanawe."

Sikudhani, aliyezaliwa na kukulia katika mji kama huo, akaomba maji. Akanawa uso mbele ya watu wote, akalivua lile gauni nyuma ya pazia, akatoa lake mkobani na kuagiza pasi.

"Dada, wanaoitaka nafasi hii wamejaa hapo nje," mwongozaji akasema.

"Waite basi," akajibu huku akinyoosha kola. "Mama yangu alipokwenda polisi kumtoa kaka yangu, gauni lake la sikukuu alilipiga pasi mara mbili. Kwetu, mtu haendi mbele ya serikali na matambara. Askari watamdharau."

Hakuna aliyeitwa. Kamera ikawashwa. Sikudhani akaingia kituoni, shingo juu, na mwigizaji aliyecheza askari, aliyeambiwa abaki kitini mpaka mwisho, akajikuta amesimama.