Mihogo ya Fundi

Fundi wa mafriji alikuta waya wa friza umechomolewa ukutani, kama kawaida. Akauchomeka, friza ikanguruma, akafunga sanduku lake huku akitabasamu peke yake. Friza ile haijapata kuharibika tangu aanze kuitwa pale. Kama si binti wa nyumba hii anayeuchomoa waya ili amwone, basi ni nani?

"Huwezi kuondoka hivi hivi, Fundi," mama wa binti akamwambia. "Kaa ule."

Fundi hakungoja kubembelezwa. Alivuta kigoda cha jikoni, akatega sikio: sebuleni watu walikuwa wakinong'ona. Jamaa za nyumba hao, akajisemea, wamekuja kunichungulia.

Mama alitoa mihogo kwenye friza, bado migumu kama mawe, akaitumbukiza vivyo hivyo katika maji yanayochemka.

"Ukiiacha iyeyuke kwanza inakuwa teketeke," alisema. Sufuria hakuifunika. "Hii nimenunua kwa muuzaji mgeni. Hata simjui."

Ilipoiva, akamwaga maji yote, akapakua sahani moja tu, ya fundi. Binti akaketi mbele yake, macho hayabanduki. Fundi alitafuna taratibu, kwa adabu zote, asije akaambiwa mkwe ana pupa.

"Si michungu?" binti akauliza kwa upole.

"Kwa mikono ya nyumba hii, hata shubiri ingekuwa asali."

Fundi alishangaa mwenyewe alikoyatoa maneno yale. Binti hakucheka. Alimtazama mama yake.

Mama naye akaanza maswali. Kwao kuna mtu aliyewahi kuanguka ghafla? Kizunguzungu je? Na tumbo lake ni la kawaida, au ni yale ya kusaga hata misumari? Fundi alijibu yote, kifua mbele. Mzazi makini hamwozi binti yake kwa mgonjwa, na yeye, kwa bahati nzuri, alikuwa mzima buheri wa afya.

"Hebu simama, mwanangu. Tembea mpaka mlangoni, urudi."

Mwanangu. Kaniita mwanangu, fundi akawaza, akatembea kama yuko kwenye gwaride. Alipogeuka, binti alikuwa ameshusha pumzi ndefu, machozi ya furaha yanamlengalenga. Kumbe maskini alikuwa na hofu kiasi hicho. Fundi akaona ni leo au basi tena. Alikuwa akilala na kuamka na msichana huyu moyoni, na hakuwa na mwingine. Akapangusa mikono kwenye suruali, akakohoa.

"Mama, nina neno."

"Ngoja kidogo, neno halichachi."

Mama akausukuma mlango wa sebuleni. Wageni walikuwa wamejaa, wamevaa wakapendeza, na katikati yao kijana wa suti mpya ameshika maua.

"Haya, mpakulie mchumba wako na wazee wake," mama akamwambia binti. "Fundi bado amesimama."